Treni ya Lima–Huancayo: riviu ya mtu aliyepanda mita 4,781 akiwa amekaa kitini

Wakuu, mmenisumbua wiki nzima niandike hii kitu na mimi nikawa napiga chenga, ukweli ni kwamba kichwa kilikuwa bado kinagonga, sasa kimetulia, tuanze.

Ni treni ya abiria ya Lima kwenda Huancayo, huko Peru, kwenye reli wanayoiita Ferrocarril Central. Na niseme kabisa kabla hujafika mbali: kama wewe shida yako ni starehe, viti vya ngozi, mtu anapiga kinanda, mhudumu ana glavu nyeupe, hii haikufai, iko nyingine kusini nitaitaja baadaye. Hapa unachonunua ni reli yenyewe. Unalipa ukae siku nzima dirishani uangalie namna watu walivyoitoa treni karibu na usawa wa bahari wakaipandisha mpaka mita 4,781, gurudumu la chuma laini juu ya reli laini, hakuna meno katikati ya reli, hakuna kamba ya kuivuta, ni hesabu tu na ubishi. Kwa wanaoijua Kilimanjaro, stesheni ya juu kabisa ya hii reli iko juu kidogo kuliko kambi ya Kibo, pale watu wanapolala saa chache wakisubiri kupanda kileleni usiku, wengine wanatapika, wengine wanalia. Sasa fikiria unafika urefu ule umekaa kitini, na asubuhi yake ulikuwa unakunywa kahawa Lima.

Ya msingi nayapitia haraka. Treni ya abiria wakati naipanda haikuwa ya kila siku wala kila wiki, ilikuwa ni safari chache kwa mwaka na nyingi ziliangukia miezi ya ukavu, kuanzia kama Aprili hivi mpaka Oktoba, kwa hiyo unatafuta tarehe ya treni kwanza ndo unakata ndege, ukifanya kinyume utabaki Lima unakula ceviche, ule samaki mbichi wa ndimu, na majuto. Reli hii hailishwi na watalii, inalishwa na madini, zinki na risasi na shaba zinashuka kwenda bandari ya Callao, sisi abiria ni wageni tu tumepewa nafasi kwenye ratiba ya wenye nyumba. Stesheni ni Desamparados, jengo la 1912 nyuma ya ikulu, siku hizi ndani yake kuna nyumba ya fasihi ya Peru, ila saa moja asubuhi wakati treni inaondoka nani ana muda wa fasihi.

Sasa kosa langu la kwanza, nalisema ili lisiwe lako. Yule wakala aliyeniuzia tiketi, simtaji, anajijua, aliniambia safari ni ndefu kula ushibe. Mimi nikashuka mtaani alfajiri nikapiga mkate wa chicharrón, nyama ya nguruwe ya kukaanga na viazi vitamu na vitunguu vya ndimu, wawili kabisa, na juisi juu. Mkate mtamu jamani sina lawama nao. Lawama nilikuja kuzipata mita 4,000 juu.

Lima asubuhi ile ilikuwa na ule ukungu wake wa kijivu, huoni mbele, nguo inalowa bila mvua. Saa ya kwanza hakuna cha ajabu, nyuma za nyumba za watu, kamba za nguo, mbwa, kuta zimechorwachorwa. Mto Rímac uko pembeni mdogo tu. Ukifika Chosica, mita 850 hivi, ukungu unakatika ghafla kama mtu kavuta pazia, jua kali, mbingu ya bluu, na milima ya kahawia mitupu haina hata jani imekubana kulia na kushoto. Hapo ndo riviu yenyewe inaanzia.

Hebu tufanye hesabu kidogo, mnivumilie. Toka Chosica mpaka kileleni ni kilomita kama 120 na unatakiwa upande karibu mita 3,900. Sasa treni siyo gari. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linashika kidogo sana, ndo maana treni moja inaweza kuvuta mzigo wa malori mia, haipotezi nguvu kwenye msuguano, lakini faida hiyo hiyo ndo inakuwa balaa ukiielekeza juu, gurudumu linateleza linazunguka palepale. Reli nyingi za kawaida zikifika mita 2 za kupanda kwa kila mita 100 wahandisi wanaanza kukuna kichwa. Hii hapa kuna sehemu zinapita mita 4 kwa 100, na inakwenda hivyo saa nzima nzima. Dereva ana mchanga kwenye kichwa cha treni, akiona magurudumu yanataka kuteleza anaumwaga mbele yake kupitia vibomba, teknolojia ya babu na bado hakuna aliyepata kitu bora zaidi.

Na bonde lenyewe ndo kikwazo cha pili. Mto unapanda kwa ukali kuliko treni inavyoweza, kwa hiyo lazima urefushe njia. Mahali penye nafasi unazungusha reli kwenye duara kubwa unapanda taratibu kama ngazi ya mnara. Bonde la Rímac halina nafasi hiyo, sehemu nyingine upana wake ni mto na barabara na reli vimebanana kama abiria wa daladala. Ndo wakaja na zigizaga.

Zigizaga ya kwanza iko San Bartolomé, mita 1,500 na ushei, na ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote pengine kwa sababu nilikuwa bado na akili timamu. Treni inaingia stesheni, inasimama, kichwa kinakatwa kinaondoka peke yake kwenda kwenye meza ya kuzungushia, ile sahani kubwa ya chuma yenye kipande cha reli juu yake, kinageuzwa, halafu kinarudi kufungwa upande wa pili wa mabehewa. Yaani tulioingia tukiwa nyuma tunaondoka tukiwa mbele. Watu wote tumeshuka na simu juu kama harusini. Zile zigizaga za juu zaidi ziko mbili mbili, kwa hiyo hakuna haja ya kukata kichwa: unapanda, unasimama, unarudi kinyumenyume ukipanda bado, unasimama, unaendelea kwa mbele. Kona ya kwanza inakugeuza, ya pili inakurudisha sawa.

Ngoja niwaeleze moja niliyoiangalia kwa makini maana nilikuwa behewa la nyuma, lile lililo wazi. Treni ikapita pointi, pale reli inapogawanyika njia mbili, ikaendelea mpaka mwisho wa kipande cha reli kinachoishia kwenye jabali, ikasimama. Kimya kabisa, unasikia breki zinapumua tu na mto chini huko. Jamaa mmoja mwenye koti la rangi ya machungwa akashuka, wala hana haraka, akatembea mpaka kwenye wenzo wa pointi, akaulalia kwa uzito wa mwili wake wote, reli ikasogea vidole vichache, klak, akainua mkono. Treni ikaanza kurudi nyuma, sisi wa mkiani sasa ndo tunaongoza, na ile reli tuliyotoka dakika moja iliyopita ikaanza kuzama chini yetu, kwanza usawa wa magoti, halafu usawa wa paa la nyumba, halafu unaiona chini kabisa kama uzi. Kila kitu kinategemea yule jamaa na ule wenzo. Na kumbuka kitu kimoja, urefu wa kile kipande cha mwisho pale jabalini ndo unaopanga urefu wa treni, ukifunga behewa moja la ziada mkia unabaki juu ya pointi na huendi popote. Kwa hiyo mwaka huu kampuni ya madini ikitaka kusafirisha mzigo mrefu zaidi, uamuzi ulishafanywa na watu waliochonga jabali lile enzi za 1870.

Nani hao? Wawili wanatajwa kila mahali. Mkandarasi ni Henry Meiggs, Mmarekani aliyetoroka San Francisco mwaka 1854 akaacha madeni ya kutisha, akaibukia Chile akajenga reli, akaja Peru kipindi nchi ina hela za kuuza mbolea ya kinyesi cha ndege wa baharini na wakubwa wanaota reli tu. Mhandisi ni Ernest Malinowski, Mpolandi aliyesomea Ufaransa, ndo mwenye hesabu. Kazi ilianza 1870. Meiggs alikufa 1877, mwaka uliofuata reli ikafika Chicla na hela zikawa zimekwisha, halafu 1879 vita na Chile vikaanza, mradi ukalala. La Oroya ilifikiwa 1893, Huancayo 1908. Hesabu mwenyewe, miaka 38 toka mwanzo mpaka mwisho wa njia. Malinowski alikufa 1899 Lima, hakuiona treni ikiingia Huancayo, lakini pale juu Ticlio, karibu na kilele cha reli, wamemjengea mnara. Na hao ni wenye majina. Waliochimba kwa nyundo na baruti ni Waperu, Wachile na Wachina kwa maelfu, na hao mnara wao sikuuona mimi.

Baada ya San Bartolomé inakuja daraja ambalo ukiambiwa habari yake hutaliangalia kama daraja tena. Zamani liliitwa Verrugas, sasa linaitwa Carrión. La kwanza lilijengwa 1873, nguzo ya katikati ilikuwa na urefu wa mita 77 hivi, kipindi kile hakuna madaraja mengi duniani ya urefu huo. 1889 mafuriko yakaliangusha. Wakajenga jingine, hili la sasa ni la 1937. Lakini kilichoua watu pale si kuanguka. Vibarua walianza kupata homa kali, damu inaisha mwilini, wanakufa kama nzi, na waliopona wengine wakaota vinundu vyekundu vya damu mwili mzima, ndo hizo verrugas. Hakuna aliyejua kama homa na vinundu ni ugonjwa mmoja au miwili. 1885 mwanafunzi wa udaktari Lima, Daniel Alcides Carrión, akajitolea kuchomwa damu ya kinundu cha mgonjwa, akaandika dalili zake mwenyewe siku baada ya siku mpaka aliposhindwa, akafa tarehe 5 Oktoba. Ilikuwa ni ugonjwa mmoja. Tarehe hiyo ndo siku ya madaktari Peru mpaka leo. Kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja, homa yenyewe ikapewa jina la La Oroya, wakati La Oroya iko mita 3,700, juu kuliko wanakoishi wale visubi wanaoisambaza. Jina lilifuata reli inakoelekea, ugonjwa uliishi njiani.

Treni inapita pale polepole sana, chini huoni kitu ila korongo. Mzee mmoja aliyekaa mkabala na mimi, mtu wa Jauja, mji wa kabla ya Huancayo, alivua kofia. Sikumuuliza kwa nini.

Juu ya hapo inakuwa handaki, daraja, handaki, daraja. Kwa ujumla njia nzima ina mahandaki 69 na madaraja 58, nilijaribu kuhesabu nikapotea kwenye 20 na kitu. Infiernillo lazima niitaje, maana yake jehanamu ndogo: unatoka kwenye giza la handaki, sekunde chache uko hewani juu ya daraja, jabali huku jabali kule, mto unanguruma chini, puu, umeingia handaki lingine. Nilikuwa nimeandaa simu nirekodi, nikarekodi kidole changu. Rudieni kosa hilo kwa hiari yenu.

Kitu ambacho picha hazionyeshi ni kazi ya kuiweka hii reli hai. Milima ile imemomonyoka, ni mawe yamelala juu ya mawe yanasubiri sababu. Kuanzia Desemba mpaka Machi mvua zikinyesha juu, korongo ambalo ni kavu mwaka mzima linashusha matope na mawe makubwa kwa dakika chache, wao wanaita huaico, neno la Kiquechua, na likishuka haliulizi reli wala barabara wala nyumba. 2017 mvua za El Niño zilipiga pwani yote ya Peru na Chosica ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoumia. Ukiangalia njiani utaona kuta za kuzuia mawe, vibanda vya zege juu ya reli ili mawe yarukie upande wa pili, mahali kokoto ni mpya nyeupe na pembeni yake ni za zamani nyeusi, hapo ujue palishaondoka. Ongeza baridi ya usiku na jua la mchana, chuma kinajivuta kinajikunja kila siku. Ongeza kona kali, magurudumu yanalia njia nzima, ule mlio wa kisu kwenye sahani, ni chuma kinakula chuma, na mtu inabidi aje abadilishe.

Sasa mwili. Hadi Matucana, mita 2,390, nilikuwa mzima napiga stori. San Mateo bado mzima ila nimekuwa mpole. Chicla kichwa kikaanza upande wa nyuma, kama mtu amekifunga kamba anakaza kidogo kidogo. Casapalca ule mkate wa chicharrón ukakumbuka kwao. Wenyeji wanauita huu ugonjwa soroche, na dawa yao ni chai ya majani ya koka, chungu kidogo, inasaidia au inakupa shughuli ya kufanya, vyovyote vile nilikunywa vikombe vitatu. Manesi wanapita kwenye mabehewa na mitungi ya oksijeni, wanaangalia rangi ya midomo yako, wakiona umekuwa kijivu wanakuwekea barakoa dakika chache bila kukuuliza maswali mengi. Mimi niliwekewa. Sioni aibu.

Halafu mnisikilize hili la krimu ya jua. Jua la kule linachoma hata ukiwa na baridi, nikatoa tyubu yangu niliyoinunua Lima, nikafungua kifuniko, kumbe ndani kuna hewa ya Lima bado imejibana na nje hewa imepungua karibu nusu, krimu ikaruka yote kama bomba, ikatua kwenye kofia ya yule mzee wa Jauja. Behewa zima likacheka, mzee naye akacheka, akapangusa kofia, akaniambia mwanangu huku juu kila kitu fungua taratibu, na kula kidogo, na tembea taratibu, na lala peke yako. Watu wazima wakacheka zaidi.

Lakini ile krimu ndo ilinifanya nielewe kichwa cha treni. Pale juu msukumo wa hewa ni kidogo zaidi ya nusu ya ule wa baharini, maji yanachemka kwenye nyuzi 84 hivi. Injini ya dizeli inapumua hewa kama wewe tu, ukiipunguzia hewa inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi, ndo maana lazima iwe na turbo inayoshindilia hewa kabla ya kuingia kwenye silinda, na hata hivyo haiwi ile ya Lima. Kinachoshangaza ni kwamba zile injini za mvuke za zamani ziliteseka kidogo kuliko tunavyodhani, boila imefungwa, ndani msukumo unautengeneza mwenyewe, haijali sana nje kukoje. Waingereza wa Beyer Peacock, Manchester, walitengeneza aina maalumu kwa ajili ya njia hii miaka ya 1930, wakaiita Andes, fupi, nene, ya kuchoma mafuta, ya kupinda kwenye kona hizi.

Na kupanda ndo nusu rahisi ya kazi, msinishangae. Treni ya madini inashuka ikiwa imejaa, mita zaidi ya 4,000 za mteremko mbele yake, ukitumia breki za kawaida peke yake zinawaka moto na baada ya hapo ni dua. Kwa hiyo wanazigeuza mota za umeme za kichwa ziwe jenereta, magurudumu yanazizungusha, umeme unaozalishwa unachomwa kwenye magridi ya waya yanatoa joto kama jiko, na hilo ndo linaloshikilia treni. Tulipishana na moja pale juu, ikashuka mwendo wa mtu anayetembea haraka, mabehewa mafupi meusi yamefunikwa, nikahisi joto lake usoni lilipopita kichwa. Au niliota, kumbukeni nilikuwa na barakoa dakika kumi zilizopita.

Handaki la Galera ni mita 1,170 na kitu, giza, baridi linaingia hadi kwenye meno, na ndani yake unavuka mgongo wa bara. Upande uliotoka maji yote yanakwenda Pasifiki. Upande unaotokea maji yanaingia mto Mantaro, yanazunguka weee mpaka Amazoni, yanamwagikia Atlantiki. Stesheni ya Galera iko pale pale, kibao chenye namba 4,781, watu wanashuka kupiga picha dakika chache, wanatembea kama wanaanga. Kuna theluji kwenye vilele pembeni, unaiona karibu karibu. Nilipanda ngazi tatu za behewa nikapumzika kwenye ya pili.

Kuanzia hapo ni kushuka kwenda La Oroya, mji wa kiwanda cha kuyeyusha madini, vilima vyake vimekuwa vyeupe na kijivu kama mifupa kwa miaka mingi ya moshi, sitaupamba. Halafu bonde la Mantaro linafunguka, mashamba, mikaratusi, ng'ombe, kichwa kinaachia kamba polepole. Nilichoka, nikalala, nikakosa Jauja, mzee akashuka bila kuniamsha. Huancayo, mita 3,259, tuliingia usiku, saa kumi na tatu baada ya kuondoka. Kesho yake nikala papa a la huancaína kwao penyewe, viazi na mchuzi wa jibini na pilipili ya njano, na hiyo peke yake inastahili riviu yake.

Alama: nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa uchache wa safari, ukikosa tarehe umekosa mwaka. Nyingine nimeikata kwa sababu ya umbo lenyewe la safari, na hili hakuna wa kulaumiwa ila milima: toka mita 150 mpaka 4,781 kwa siku moja hakuna daktari atakayekushauri. Mwenye moyo, mwenye presha ya kusumbua, mjamzito, mwenye mtoto mchanga, muulize daktari kwanza na usikasirike akikwambia hapana.

Ndo maana wengi nawaelekeza kwingine bila kinyongo. Cusco kwenda Puno inapita La Raya, mita 4,300 na kitu, lakini Cusco yenyewe iko mita 3,400, umeshakaa siku mbili tatu mwili umezoea, kupanda hakukushtui. Hiyo ndo ya kinanda na glavu nyeupe niliyoisema. Ukitaka ya siku moja uone daraja tu, nenda Argentina, Tren a las Nubes, unapelekwa kwenye daraja la Polvorilla, mita 4,220 juu ya bahari, urefu mita 224, limepinda kama upinde, kazi iliyoanzishwa 1921 na injinia Mmarekani Richard Maury, naye alikataa reli ya meno akatumia mizunguko na zigizaga, na njia nzima ikaisha 1948. Siku hizi kipande cha treni ni kifupi, kutoka San Antonio de los Cobres, kabla ya hapo unakwenda kwa basi toka Salta. Kwa wale wa ubishi wa nani wa juu: Bolivia kuna stesheni ya Cóndor, njia ya Potosí, inaizidi Galera kwa mita chache, na tangu 2006 Wachina wamewafunika wote kwa reli ya Tibet inayopita Tanggula, mita 5,072, na mabehewa yao yanapuliziwa oksijeni ndani. Ila ile inakwenda juu ya tambarare ya juu, inapanda kwa upole. Zigizaga ya jamaa mwenye wenzo hutaipata.

Vitu vya kubeba: sweta mbili, maji mengi, mafuta ya midomo, chaja. Asubuhi kula ndizi, chicharrón iache Lima, ukirudi utaikuta.

Mimi nilirudi kwa basi, barabara kuu inapita Ticlio pembeni kabisa ya reli. Karibu na Chicla nikaiona treni ya madini upande wa pili wa bonde, imesimama kwenye ncha ya zigizaga, taa imewaka, na chini yake nukta ya machungwa inatembea mdogo mdogo kuelekea kwenye pointi. Nikamgusa dada aliyekaa jirani nimwonyeshe. Alikuwa amelala, basi zima limelala.